Ski za kutumia kwenye theluji ya kila aina

Muulizaji, Dodoma: Ndugu zangu, Januari ninaelekea Innsbruck, Austria, kimasomo, na wenyeji wangu huteleza kwenye theluji ambayo asubuhi huwa ngumu kama zege na mchana huwa rojorojo. Je, jozi moja ya ski, yaani vibao virefu vinavyofungwa miguuni kwa kuteleza, yaweza kukidhi hali zote mbili?

Mchangiaji wa kwanza: Yaweza, ndugu yangu, mradi uzingatie upana wa katikati, chini ya kiatu: wa milimita 80 hadi 95 huelea kiasi kwenye theluji laini na bado hushika penye barafu, ilhali unaozidi 100 hupendeza kwenye theluji nene lakini huchelewa kugeuka kwenye njia zilizoshindiliwa. Kwa anayeanza, ningechagua nyembamba, zinazofika kidevuni zikisimamishwa, na zenye ncha iliyoinuka kidogo.

Mchangiaji wa pili: Nakubaliana naye, ila kununua sasa ni pupa. Kodisha kwanza, na fedha yako uielekeze kwenye viatu vinavyokukaa barabara. Vifungo navyo, vinavyoshikiza viatu kwenye ski, virekebishwe na fundi kulingana na uzito wako, ili viachie mguu unapoanguka.