Familia ya Ipuli: Peugeot ya Baba chini ya mwembe

*Jumatano*

Kalunde (Dodoma), saa 1:12 asubuhi: Shikamooni wakubwa wangu, na wadogo nawasalimu. Naomba kila mmoja asome ujumbe huu hadi mwisho. Doto amenipigia simu jana usiku kwamba mnunuzi wa chuma chakavu amefika nyumbani Ipuli kwa mara ya tatu, amelizunguka gari la Baba, amegongagonga bodi kwa ngumi, na ameahidi kurudi Jumamosi na lori pamoja na mtungi wa gesi wa kulikatia. Anatoa laki sita. Mimi sikubali. Nataka tukatae kwa sauti moja kabla ya Ijumaa jioni, kisha tupange namna ya kulifufua ili Desemba litupeleke Sikonge kwenye kaburi la Babu kama zamani.

Kalunde, saa 3:47 asubuhi: Naona ujumbe umesomwa na watu kumi na mmoja na hakuna aliyejibu. Doto, tuma picha.

Doto (Ipuli), saa 4:05 asubuhi: Nimetuma picha nne, Dada. Majani ya mwembe yamejaa kwenye matundu ya chini ya kioo cha mbele, nayo hutunza maji ya mvua, kwa hiyo sakafu ya upande wa dereva imeoza. Mlango wa nyuma umeliwa na kutu ukingoni kwa chini, upana wa kiganja. Paa ni zima na keria ni nzima.

Kalunde, saa 4:31 asubuhi: Paa likiwa zima, gari lipo. Nawaandikia watoto, ambao wamelikuta likiwa limelala tu. Peugeot 504 ya kawaida, yaani saluni, ilitoka mwaka 1968, na stesheni wagoni yake, ya paa refu hadi nyuma kama hili la Baba, ikafuata mwaka 1971, na haikuwa saluni iliyoongezewa kisogo. Waliirefusha kwa sentimita 16 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, wakaiwekea nyuma ekseli moja nzima na springi nne, mbili kila upande, na ile ya familia ikapewa safu tatu za viti. Ndiyo maana Baba aliweza kutupakia sote, pamoja na tenga la kuku na madebe ya asali, tukapita barabara ya vumbi bila gari kukaa kitako. Saluni ya jirani yetu ilikuwa ikiburuza bomba la moshi ikiwa na abiria wanne tu.

Hamisi, saa 6:20 mchana: Shikamoo Mama Mkubwa. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa njiani kutoka Urambo na abiria. Nakubaliana na wewe kuhusu stesheni wagoni, kwa maana ndizo zinazonilisha. Toyota waliitoa Probox mwaka 2002 ikiwa gari la kazi, na huku kwetu watu wameibatiza mchomoko, lakini wazo ni lile lile la Babu, yaani paa refu, mlango wa nyuma unaofunguka wote, na mizigo inayopanda bila kubembelezwa. Swali langu ni moja: kuku wanaotagia kwenye kiti cha mbele watahamishiwa wapi?

Mama Mdogo Tatu, saa 6:24 mchana: Kuku hao ni wangu na wameanza kuatamia. Wasisumbuliwe hadi vifaranga watoke.

Mjomba Rashidi, saa 6:40 mchana: Kuku si wageni wa kwanza wa gari hilo. Nyuki ndio waliotangulia, mwaka ule debe la asali ya Sikonge lilipopasuka nyuma ya kiti cha pili, na shemeji akaendesha vioo vyote vikiwa vimefungwa hadi msimu wa mvua. Sisi wa reli tulikuwa tukimwona akifika stesheni kupokea wageni huku jasho linamtiririka, na nyuki wakimsubiri nje kama askari wa heshima.

Hamisi, saa 6:43 mchana: Na wageni walikubali kupanda?

Mjomba Rashidi, saa 6:51 mchana: Walipanda, kwa sababu miaka ile Peugeot ilikuwa Peugeot. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania, alishinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, na mwaka 1975 Ove Andersson akaishinda kwa 504. Shemeji alinunua gari kwa masikio kabla hajalinunua kwa fedha. Baadaye zikawa zinaunganishwa Mombasa, na vipuri vikatufikia kwa treni.

Kalunde, saa 7:15 mchana: Nashukuru, Mjomba, lakini Jumamosi inakaribia na hatujaamua lolote. Fundi mzee wa Ng'ambo, yule aliyekuwa akilihudumia, bado yupo na ananiambia injini ile ya lita mbili inafufulika, kwa kuwa laini za silinda zake, yaani mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, huchomolewa na kubadilishwa bila kutupa bloku nzima. Anachohofia ni silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya injini, ambayo ni ya aluminiamu na hupinda gari likikaukiwa maji. Anahitaji laki mbili za kuanzia. Kila kaya itoe elfu hamsini. Nani yupo?

Kalunde, saa 12:02 jioni: Nani yupo?

Kulwa (Kigoma), saa 3:30 usiku: Nipo, na nimeshatuma. Ila kabla ya kutia mafuta naomba kuuliza mbele ya wote: kiti cha tatu kiko wapi?

*Alhamisi*

Mihayo (Nzega), saa 12:50 asubuhi: Kulwa, swali hilo unalijua jibu lake. Kiti kipo dukani kwangu, wanakalia wateja. Nilikichukua kwa ruhusa ya Baba, gari likiwa tayari limesimama.

Kulwa, saa 1:05 asubuhi: Ruhusa ya Baba ambaye wakati huo ukimsalimu asubuhi anakujibu jioni. Kiti hicho ni changu na Doto. Tulikaa humo tukigeuka kutazama barabara iliyokuwa imekwisha kupita, na ubavuni kuna jina langu, nililichonga kwa bikari tukienda Nzega nikapigwa mbele ya watu kwenye kituo cha mafuta. Hata siku za Jumapili, serikali ilipokataza magari binafsi kutembea alasiri kwa uhaba wa mafuta, tulikuwa tunaingia humo likiwa limesimama, mmoja anakuwa dereva na mwingine kondakta. Umekifanya benchi la kusubiria sukari.

Mihayo, saa 1:11 asubuhi: Nimekitunza. Kingebaki Ipuli, kuku wangekuwa wamekwisha kukichakura kitambo. Na ninyi wawili mnaolalamika, ni nani alilipa lile deni la kule Chaya?

Doto, saa 1:13 asubuhi: Mimi sijalalamika.

Kalunde, saa 1:20 asubuhi: Mambo ya Chaya yasiletwe humu. Nawaomba. Tunaokoa gari.

Mihayo, saa 1:26 asubuhi: Dada, nami nalipenda gari lile, na naomba niseme neno lisilopendeza. Gia yake ilikuwa ya kwenye usukani, na leo hakuna kijana Tabora anayejua kuiingiza bila kuumiza gia boksi. Tutamimina fedha kwenye chuma ambacho hakuna wa kukiendesha, ilhali laki sita za Jumamosi zingeezeka upya jiko la nyumbani, ambalo linavuja.

Kalunde, saa 1:30 asubuhi: Mimi naweza. Baba alinifundisha kwenye uwanja wa shule nikiwa na miaka kumi na sita, mkono wake ukiwa juu ya wangu: vuta kwako, shusha, rudisha kati, pandisha. Mpaka leo nikiota ninaendesha gari, gia ipo kwenye usukani.

Hamisi, saa 2:48 asubuhi: Mama Mkubwa, ukifika Desemba utanifundisha mimi. Sina mzaha.

Shangazi Nyamizi, saa 5:10 asubuhi: Anayeandika ni mjukuu wangu, maneno ni yangu. Nimesomewa yote tangu jana. Gari hilo kaka yangu hakulinunua peke yake. Magunia ya mpunga ya shamba langu ya msimu mzima yamo ndani yake, na kadi ninayo mimi ndani ya sanduku langu tangu siku alipolazwa. Kwa hiyo hakuna wa kuliuza, iwe kwa laki sita au kwa zaidi, na huyo mwenye mtungi wa gesi aambiwe hivyo. Lakini pia hakuna wa kulipaka rangi wala kulitia mafuta wakati halijatimia. Mama yenu alitoka hospitali ya Kitete akiwa amelazwa kwenye lile buti, siti zimekunjwa, kichwa chake kwenye mapaja yangu, na nyinyi mlikuwa shuleni. Mihayo, kiti kirudi kwanza. Nimemaliza.

Kalunde, saa 5:58 asubuhi: Shikamoo Shangazi. Tumesikia.

Mjomba Rashidi, saa 7:30 mchana: Tumesikia.

Mihayo, saa 2:15 usiku: Shikamoo Shangazi. Kitarudi.

*Ijumaa*

Kalunde, saa 1:00 asubuhi: Hadi sasa waliotuma ni Kulwa, Hamisi na mimi. Kaya tano zimenyamaza. Mihayo, kiti kitafika lini? Doto, yule mnunuzi amekwisha kuambiwa?

Doto, saa 11:20 jioni: Dada, nimempigia yule mnunuzi mara mbili na simu yake haipatikani, kwa hiyo kesho nitafunga geti nikae nyumbani. Fundi amekuja leo. Kuku amewaacha walipo, akafanya kazi upande wa boneti tu. Jana alikuwa ametoa plagi na kutia mafuta ya injini kidogo katika kila silinda yalale humo usiku, na leo ameingiza spana kwenye nati ya mbele ya injini akaizungusha taratibu kwa mkono. Imezunguka nusu, tukasikia mlio mzito wa kunata, ikagoma. Hakulazimisha. Ameongeza mafuta na atarudi Jumatatu.

Kulwa, saa 11:24 jioni: Nusu?

Doto, saa 11:25 jioni: Nusu, nimeona kwa macho yangu. Feni imetembea.

Mihayo, saa 1:40 usiku: Kiti nimekitoa dukani na nimekifuta. Basi la asubuhi limekataa kukibeba kwa sababu hakipiti kwenye mlango wa mizigo. Naulizia lori la mchele linalokwenda Tabora, ila dereva hajanijibu.

Hamisi, saa 2:05 usiku: Gari langu lina keria, lakini Nzega si njia yangu. Nitaangalia wiki ijayo kama nitapata abiria wa huko.

Kalunde, saa 2:09 usiku: Wiki ijayo siku gani?