Field kiwanda cha malori: wiki ya nne nafagia tu, naombeni ushauri

Habari wakuu. Nasoma uhandisi mitambo mwaka wa tatu, field (mafunzo ya vitendo) nimepata kiwanda cha kuunganisha malori mkoani Pwani. Wikiendi hii nimerudi nyumbani Dodoma, kichwa kimejaa. Wiki ya kwanza ilikuwa raha: chasisi, yaani fremu ya lori, inaingia tupu, inafungwa ekseli, injini, kisha kebini, mwisho breki zinapimwa. Tangu hapo nafagia na kuhesabu nati. Spana ya toki, ile ya kukaza nati kwa kipimo, nimeishika mara moja, tena kwa kupiga picha! Logibuku, daftari la field, inadai kazi za kila siku. Fundi mmoja wa gereji hapa Kizota ananiita, injini nitafungua mwenyewe. Nihame, au nimfuate kwanza fomeni? Huyo mzee ni mkali kweli. Chuo huwa kinakubali kuhama katikati?