Mjadala: Nyumba za kihistoria zisamehewe cheti cha nishati? Mimi napinga

Wakuu, hili jambo nataka tulijadili kwa kina maana wengi wetu tulioko Uingereza ni wapangaji, na wengine tumeangukia miji ya zamani. Mimi niko Bath, mji ulioingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1987, mitaa mizima ni majengo ya karne ya 18, kuta za mawe rangi ya asali, dari ziko juu, madirisha marefu yale ya kupandisha na kushusha yenye kioo kimoja tu. Kupendeza yanapendeza, watalii wanajaa pale Royal Crescent kupiga picha. Ila lala humo ndani mwezi wa kwanza ndo utajua, hita inawaka na bado umevaa koti.

Kwa asiyefahamu, hapa England nyumba ikiuzwa au ikipangishwa inatakiwa iwe na EPC, yani cheti cha nishati kinachoonyesha nyumba inatumia nishati vizuri kiasi gani, madaraja ni A (bora kabisa) mpaka G (baya kabisa) na kinadumu miaka 10. Na tangu Aprili 2020 mwenye nyumba haruhusiwi kupangisha nyumba ya F au G, lazima aifikishe E au awe na msamaha uliosajiliwa. Serikali sasa inataka nyumba za kupanga zifike C ifikapo 2030.

Sasa utata uko kwenye majengo yaliyo kwenye orodha ya kulindwa. Kanuni inasema yanasamehewe cheti pale ambapo kutimiza masharti ya nishati kungeharibu sura au tabia ya jengo kwa kiwango kisichokubalika. Haya niambieni, utajuaje kwamba marekebisho yataharibu jengo kabla hata mtu hajaja kukagua na kusema ni marekebisho gani yanahitajika? Ndo maana kila mtu anaitafsiri anavyotaka, na madalali wengi jibu lao ni moja tu, "hiyo nyumba ni ya kihistoria, haihitaji cheti". Niliwahi kujibiwa hivyo nilipokuwa natafuta chumba, nikauliza bili ya gesi inakuwaje wakati wa baridi, hakuna aliyenijibu. Na hapa ndo panaponiuma, kwa sababu kile kiwango cha chini cha E kinaibana tu nyumba ambayo kisheria inatakiwa iwe na cheti. Ukishaambiwa haina haja ya cheti basi na E nayo haimhusu, mwenye nyumba anaendelea kupokea kodi ya mji wa kitalii na wewe unaendelea kufuta fangasi ukutani.

Wapo wanaosema msamaha ubaki, tena uongezwe, maana lebo ya nishati itawafanya watu wang'oe madirisha ya miaka 200 na kubandika foam (lile povu gumu la kuzuia joto lisitoke) ukutani. Hoja yao naiheshimu na nusu yake ni kweli kabisa. Kuta hizi zilijengwa kwa mawe na chokaa, zinanyonya unyevu na kuutoa, ukiziziba kwa saruji au foam isiyopitisha hewa unyevu unabaki ndani, mawe yanaanza kumomonyoka na ndani kunaoza. Waliokulia Mji Mkongwe Unguja wanalijua hili, ukuta wa mawe na chokaa ukipigwa plasta ya saruji haukai sawa. Na kweli pia kwamba programu anayotumia mkaguzi inakisia sana, asipoona ushahidi wa insulesheni (vifaa vya kuzuia joto lisitoke) anaingiza makadirio kulingana na umri wa jengo. Historic England, taasisi ya umma inayoshughulikia majengo ya kale, na wenzao wa Scotland wamepima kuta kama hizi na nyingi zimeonekana kuhifadhi joto vizuri kuliko makadirio yanavyodai. Halafu daraja lenyewe linahesabiwa kwa gharama ya bili, kwa hiyo mtu akitoka kwenye gesi akaweka umeme wa kawaida anaweza kushuka daraja wakati moshi kapunguza.

Lakini jamani, kipimo kikiwa kibovu si kinarekebishwa? Kwanini mpangaji ndo abebe gharama ya ubovu wake? Kazi nyingi za maana hazihitaji kugusa sura ya jengo hata kidogo, kuziba mianya ya madirisha, kutengeneza zile shata za mbao za zamani, yani vibao vya kufunika dirisha, ambazo zimepigwa rangi mpaka hazifungiki, insulesheni darini, mapazia mazito, na kioo cha pili cha ndani ambacho kinapunguza zaidi ya nusu ya joto linalotoroka dirishani. Dirisha la zamani linabaki palepale, hata aliyeko barabarani haoni tofauti kubwa. Na nisisitize, mpangaji usijifanyie fundi mwenyewe, kubadilisha jengo la kulindwa bila kibali cha halmashauri ni kosa la jinai, uliza kwanza.

Ninachotaka mimi ni hivi: cheti kiwe lazima kwa kila nyumba inayopangishwa, ya kihistoria isiyo ya kihistoria, akague mtu aliyesomea majengo ya zamani, na mapendekezo yake yawe yale tu yanayofaa kuta za chokaa. Kama baada ya hapo nyumba haiwezi kufika E sawa, asamehewe kazi ambazo zingeharibu jengo, lakini daraja liandikwe wazi ili mtu aamue akijua anaingia wapi. Hata ikiwa G, iandikwe G.

Wale wenye nyumba za aina hii humu nataka kuwasikia pia, hasa mnaosema gharama haibebeki, mmeshaziba mianya na kuweka insulesheni darini au mmeishia kwenye neno msamaha? Na walioko Edinburgh na Amsterdam, kwenu nyumba za zamani zinapangishwa na cheti au mnaambiwa hivihivi?