Tupeane uzoefu: mliopeleka familia kutembea Dar, ilikuwaje?

Mama Neema, Singida
Wakuu, habari za jioni. Mwezi wa kumi na mbili, Mungu akipenda, nawapeleka wanangu watatu na mama yangu mzazi Dar es Salaam. Hatuendi msibani, hatuendi hospitali, hatuna harusi. Tunakwenda kutembea tu. Mama ana miaka 68 na Dar ameshafika mara moja, alipokwenda kumuuguza mdogo wake. Alikaa wiki mbili, asubuhi wodini, usiku Mbagala, akarudi Singida bila kuiona bahari. Linaniuma mpaka leo. Tunapanda basi hadi Dodoma, kisha treni ya SGR. Mliowahi kusafiri na wazee na watoto kwa pamoja, naomba uzoefu: mlianzia wapi, na nyumbani mpaka leo wanasimulia nini?

Baba Shija, Tabora
Dada, panda treni ya mchana. Sisi tulipanda ya jioni, watoto wakaikosa milima yote ya Kilosa. Kule kuna mahandaki manne na walishajipanga kuyahesabu.

Kwenye bahari nilikosea, wewe usirudie. Tulifika Coco Beach saa nne asubuhi, maji yamekupwa. Mbele yetu mchanga, mawe, majani ya baharini, maji yako mbali kama shamba la jirani. Mwanangu wa miaka sita alinishika suruali akauliza, "Baba, wameimwaga?" Nilikosa jibu, maana hata mimi nilikuwa sijui. Kijana muuza mihogo ndiye aliyetufundisha: hizo zilikuwa siku za bamvua, mwezi mpevu, maji hutoka sana asubuhi na kurudi alasiri. Akasema, "Kaeni, yatakuja yenyewe."

Tukakaa. Tukala mihogo ya kukaanga na chachandu, tukanywa madafu, mama watoto akalala kwenye kanga. Kuanzia saa saba nikawa naona mstari wa maji unasogea. Jiwe moja lililokuwa kavu likaloa, baadaye likabaki kichwa, baadaye halipo. Saa kumi bahari ilikuwa miguuni petu. Watoto waliona kitu ambacho wengi waliozaliwa Dar hawakai kukitazama. Lakini ukiwa na mzee, uliza kwanza maji yanajaa saa ngapi, usimkalishe juani siku nzima kama nilivyofanya.

Mjukuu wa Muleba
Mimi nakushauri Kijiji cha Makumbusho, pale Barabara ya Bagamoyo. Kipo tangu mwaka 1966, na ndani yake kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali, ukubwa uleule wa nyumba ya kukaa watu.

Nilimpeleka bibi yangu akiwa na miaka 81. Tulikuwa tumemzungusha mjini siku mbili: maghorofa ya Posta, Daraja la Tanzanite, maduka makubwa yenye ngazi za umeme. Alikuwa anasema "vizuri, mwanangu" na kufumba macho kwenye gari. Tulidhani uzee. Siku ya tatu tukaingia Makumbusho, tukafika kwenye msonge wa Wahaya, ile nyumba ya mviringo iliyoezekwa nyasi mpaka chini. Bibi akaacha fimbo mlangoni, akainama, akaingia peke yake.

Tulipomfuata tulimkuta amesimama gizani, mkono juu ya nguzo. Akaanza kutuonyesha: hapa mama yangu alikuwa anakoka moto, huku ng'ombe, huku sisi watoto. Alieleza nyasi za kutandika chini zinachaguliwaje na zinabadilishwa lini. Mhifadhi aliyekuwa anatutembeza akanyamaza, akatoa daftari akaandika. Mama yangu ana miaka 55 na siku hiyo ndiyo kwanza alisikia kwamba bibi alizaliwa kwenye msonge. Tulisafiri zaidi ya kilomita 1,400 kutoka Bukoba ili kulijua jambo la nyumbani kwetu.

Bibi ameshatangulia mbele za haki. Picha tuliyomwekea ukutani ni ile ya mlangoni, fimbo imeegemezwa pembeni.

Mwenyeji wa Kimara
Mimi ni mpokeaji wa wageni, kwangu hawakauki. Dada yangu alikuja na wanawe kutoka Songea, wiki moja kabla ya Krismasi, akataka Kariakoo. Nilimkatalia, akasisitiza, tukaenda. Mtaa wa Kongo, mtoto wa miaka mitano akachomoa mkono. Dakika arobaini. Sitaki kuzikumbuka.

Tulikuwa tumemwandika namba ya simu kwa peni mkononi, jasho likaifuta. Alipatikana kwa mama mmoja muuza vitenge, ambaye alimkalisha kwenye kigoda, akampa maji na kukataa kumkabidhi kwa yeyote mpaka mtoto mwenyewe aliite jina la dada. Mungu ambariki mama yule. Tangu hapo nashona kikaratasi chenye namba ndani ya mfuko wa kila mtoto. Na Desemba, wazee na watoto hawaendi Kariakoo na mimi. Mnaniagiza, nawaletea.

Badala yake wapeleke kivukoni. Kuvuka kwenda Kigamboni ni shilingi 200 kwa mtu, dakika chache tu, lakini mama atakuwa juu ya bahari, meli kubwa pembeni, na nyuma yake mji pamoja na paa jekundu la Kanisa la Azania Front, ambalo Wajerumani walianza kulijenga mwaka 1898. Baba mkwe wangu alivuka mara tatu siku moja.

Teacher wa Kondoa
Nyongeza fupi. Gesti tuliyolipia kwa simu tuliikuta ghorofa ya nne, hakuna lifti, feni mbovu, na joto la Desemba mnalijua. Mama alipanda ngazi akipumzika kila kona. Uliza ghorofa ya ngapi, uliza feni, uliza maji, ndipo utume hela.

Watoto wakiwa shule ya msingi, wapitishe Makumbusho ya Taifa pale Posta. Zinjanthropus wanamsoma darasani, fuvu lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Binti yangu alitazama yale magego makubwa, akapitisha ulimi kwenye ya kwake.

Mama Neema, Singida
Asanteni sana, nimesoma yote na nimemsomea mama. Kariakoo nimeifuta. Treni ni ya mchana. Siku ya kwanza tunapumzika, ya pili kivuko, ya tatu Kijiji cha Makumbusho, na Coco Beach nitaangalia mwezi kwanza.

Mama alinisimamisha kwenye habari ya bibi wa Muleba, akaniambia niirudie. Kisha akaingia ndani, akatoka na chupa ya lita moja na nusu, ameiosha na kuikausha. Anataka kumletea mdogo wake maji ya bahari ayaonje.