Tupeane uzoefu: habu kuukuu za baiskeli, uliuziwa nini na ukaifufua vipi?

Mpenda Mamba
Salaam aleikum wadau. Nafungua uzi huu kwa sababu mwezi uliopita nimeliwa pesa zangu huku naona. Nilipita kwa jamaa wa vyuma chakavu upande wa Makupa, ana gurudumu la nyuma la Raleigh, ringi imekwisha kwa kutu hata ukiigusa yabaki mkononi, lakini habu, kile kitovu cha katikati ya gurudumu, nkaipangusa na shati nkaona imeandikwa Sturmey-Archer AW, ile ya gia tatu za ndani, chini yake 68 na 11. Mie hizo namba nazijua, ni mwaka na mwezi, yaani kitu kimetoka kiwandani Nottingham Novemba 1968, moyo ukaniruka. Akaanza elfu mbili na nusu, tukavutana mpaka elfu moja mia nane, nkaitia begani kama niliyeshinda bahati nasibu. Nafika nyumbani nakata spoki, nahesabu matundu, arubaini. Na ringi mpya nshanunua, ya thelathini na sita!! Kumbe zile za Kiingereza mbele ni 32 nyuma 40, mji mzima wajua isipokuwa mie.

Haya, nani mwengine yamemkuta? Semeni na bei msifiche.

Gololi Tisa
Pole kaka ila hujapata hasara. Ringi za 40 zipo, hata baiskeli za Kihindi zatumia hizo hizo, nenda duka la spea uulizie ringi ya nyuma ya inchi 28 ya breki za chuma, na usiseme "ya kizamani" maana bei itapanda hapo hapo.

Mie nafunga baiskeli huku Majengo miaka mingi, nawaambia habu hainunuliwi kwa macho. Shika ekseli, ile fimbo ya chuma ipitayo katikati ya habu, kwa vidole viwili, zungusha polepole kabisaa. Muuzaji atakuzungushia kwa nguvu uone yavyokimbia, usikubali, kasi yaficha mambo. Ukisikia kama mchanga mchanga basi hiyo ni grisi iliyokauka na uchafu, nunua. Ukisikia yakwama mahali fulani halafu yaachia, yakwama yaachia, hapo vishimo vimeota kwenye koni, ile ya kwenye ekseli inayozibana gololi, au kwenye kikombe, pale ndani ya habu gololi zinapokaa. Koni yabadilishwa, lakini kikombe kwenye habu nyingi kikishaliwa ndo basi. Na angalia matundu ya spoki, yakiwa yamevutika kama yai hiyo imebeba magunia maisha yake yote. Gololi za nyuma ni za robo inchi, tisa kila upande, na ukibadilisha badilisha zote, mpya ukiichanganya na kuukuu ile mpya iliyonenepa kidogo ndo itabeba mzigo peke yake.

Dafu Baridi
Mie mambo ya kizamani siyajui, baiskeli yangu ni ya kazi, natoka Mtwapa alfajiri na madafu mpaka mjini. Nimekatikiwa na ekseli ya nyuma mara tatu, kila mara upande wa friwili, ile ya meno inayovutwa na mnyororo, nkadhani nauziwa feki. Kumbe upande ule gololi ziko ndani mbali na fremu, kipande kirefu cha ekseli kimekaa juu ya friwili hakina kinachokishikilia na mie napakia kama lori.

Sasa mara ya mwisho nati ilipotea, nkapewa nyengine dukani, ikaingia raundi tatu vizuuri, halafu ikawa nzito, nami nimechelewa wateja wanangoja nkavuta spana. Tredi, ile mikato ya kuzungushia nati, zikatoka kama tambi. Hata sikukasirika, nlicheka tu.

Gololi Tisa
@Dafu Baridi hiyo nati ilikuwa ya milimita. Ya Kiingereza ina tredi 26 kwa inchi, ile nyengine 25 na kitu, ndo maana yakudanganya mwanzo. Nati ya habu ukiona yataka spana kabla haijafika mwisho, toa!

Bint Mvita
Yangu ni aibu lakini ntasema. Babu yangu marehemu alikuwa na Raleigh akienda nayo kazini bandarini, habu ya mbele ni ile nene ya Dynohub, yenyewe yatoa umeme wa taa ya mbele. Taa ilikuwa yawaka vizuri. Mie nkaona niisafishe, nkatazama video nusu nkajiona fundi, nkaitoa ile sumaku ya duara nkaiweka juu ya meza mpaka kesho yake. Nairudisha, taa yawaka kama kibatari kilichoishiwa mafuta. Kumbe sumaku ile ikitoka mahali pake yataka iingie moja kwa moja kwenye pete ya chuma, ukiiacha wazi yapoteza nguvu. Baba alikuja akaitazama akasema mwanangu taa imekaa miaka yote hiyo yakungoja wewe.

Gololi zake lakini nilizisafisha safi 😂

Shekhe Gia
@Mpenda Mamba kabla hujafunga hiyo AW soma hapa. Yangu nilipewa na ami, gia zaruka, nkampelekea fundi mmoja (simtaji) akanijazia grisi mpaka yatoka pembeni. Zikazidi. Zile gia za ndani zina vijino vidogo vyenye springi nyembamba kama unywele, grisi ikiganda vyalala haviinuki. Ndani mwataka mafuta mepesi, grisi ni ya gololi tu. Mie nkaifungua nkailaza kwenye mafuta ya taa siku mbili, kilichotoka humo ni uji mweusi wa harufu ya kufa, inaonekana mwenyewe wa zamani alikuwa atia mafuta ya kupikia!! Sasa natia oili ya injini kijiko cha chai pale kwenye kifuniko kidogo.

Lakini kubwa ni waya. Baina ya gia ya pili na ya tatu pana mahali hamna gia kabisa, pedeli zazunguka bure. Mie hilo sikulijua, napanda daraja la Nyali nimesimama kwenye pedeli, waya umelegea, pedeli ikaenda yenyewe, nkakaa kwenye bomba la fremu kwa uzito wangu wote. Matatu nzima ilinipa pole. Tia gia ya pili, tazama kwenye kitundu cha nati ya kulia, bega la kile kijiti chenye mnyororo liwe sawa sawa na ncha ya ekseli. Likizidi au likipungua, wee mwenyewe utajua kwenye mlima.

Mpenda Mamba
Aisee. Nshapata ringi ya 40, ila nkizungusha kwa vidole nasikia kama mchanga NA yakwama mahali pamoja. Sasa hiyo ni ipi?

Gololi Tisa
Njoo nayo Jumamosi baada ya alasiri, usiifungue kabla. Na ile ringi ya 36 njoo nayo pia, nna mtu aitaka.