Toni A-B-A za haraka: kwa nini zinaanza mdundo mmoja kisha zinagawanyika?

nusutoni:
Wakuu, naandaa sauti za majaribio kwenye kompyuta. Toni A ni hezi 500, B ni hezi 707, A tena, halafu kimya. Kila kipande milisekunde 100, mzunguko unajirudia. Mwanzoni unasikika mdundo wa farasi anayetimka, pa-ti-pa, pa-ti-pa. Sekunde chache baadaye farasi hayupo: A zinakwenda zake, B zake. Faili ni ileile! Na wasikilizaji wengine wanadai hakuna kilichobadilika. Nimekosea wapi?

mkondo_wa_juu:
Hujakosea. Kutoka 500 hadi 707 ni nusu toni 6 (nusu toni ni hatua ndogo kabisa kwenye piano), na kwa kasi hiyo umetua katikati ya eneo la utata, ambapo mtu anaweza kusikia mdundo mmoja au mbili, lile alilolipima mtafiti wa usikivu van Noorden mwaka 1975. Sikio huanza kwa kuchukulia kwamba chanzo ni kimoja, kisha hukusanya ushahidi kwa sekunde kadhaa kabla ya kuzigawa toni katika mikondo miwili, yaani mifuatano inayosikika kama ya vyanzo tofauti. Shusha B hadi hezi 561 (nusu toni 2) na farasi atabaki. Ipandishe hadi 1000, mgawanyiko utakuja upesi. Au iache 707 na urefushe kila kipande hadi milisekunde 200: mdundo utashikamana kwa urahisi zaidi, maana kasi na umbali wa toni hufanya kazi pamoja.

Kipimasauti:
Uliwaagiza wasikilize nini? Anayejitahidi kushikilia farasi na anayefuatilia B peke yake hawatakupa jibu moja, kwa hiyo mipaka ya mgawanyiko ni miwili, si mmoja: pale farasi asiposhikika tena, na pale B isipoweza kusikika peke yake. Kuuliza tu "unasikia nini" ni kipimo dhaifu. Bora uicheleweshe B kwa milisekunde 20 katika baadhi ya mizunguko. Mkondo ukiwa mmoja, farasi anachechemea na msikilizaji anagundua. Ikiwa miwili, kuchelewa huko kunampita, kwa sababu kulinganisha muda kati ya mikondo ni kugumu mno. Kati ya jaribio na jaribio acha kimya cha sekunde kadhaa, la sivyo mgawanyiko wa jaribio lililopita unaingia kwenye linalofuata.

nusutoni:
Naona pia "tik" ndogo mwanzo wa kila toni.

mkondo_wa_juu:
Umekata wimbi ghafla. Pandisha na shusha sauti taratibu kwa milisekunde 10 kila upande. Hakikisha pia A na B zinaingia masikio yote mawili. A ikiwa kushoto na B kulia zitatengana kwa sababu nyingine kabisa.