Tupeane uzoefu: waifai ya nyumbani ilikutesa wapi ulipoiseti mwenyewe?

Wa Barabara ya 12, Ngamiani

Wakuu wa Tanga, salaam. Naanza na aibu yangu ili asitokee mtu wa kuona haya.

Nyumba yetu ni hizi hizi za Kiswahili mnazozijua, korido katikati, vyumba sita, jiko na choo uani. Faiba ilipoingia, fundi aliacha ruta chumba cha mbele kwa mzee, juu ya kabati la vyombo. Mbele raha tupu, uani unashika kijistari kimoja. Nikaitoa ruta ya zamani iliyokuwa inakula vumbi, nikapitisha waya darini, nikaifunga uani. Sikubadilisha chochote ndani yake.

Robo saa ya kwanza nilijiona injinia. Baada ya hapo vita. Simu ya mama inafungua YouTube, yangu inasema imeunganishwa ila hakuna intaneti. Nikiizima na kuiwasha, yangu inakubali, ya mama inagoma. Siku tatu nzima nawapigia huduma kwa wateja, mpaka yule dada akawa ananijua kwa sauti.

Kumbe ruta zote mbili zilikuwa na anwani moja, 192.168.1.1, na zote mbili zinagawa anwani kwa kila simu inayobisha hodi. Hebu fikiria nyumba mbili Barabara ya 12 zina namba moja mlangoni, halafu unamwagiza bodaboda alete mzigo. Atakayemwahi ndiye atakayeupokea. Simu iliyojibiwa na ruta ya uani ilikuwa inaelekezwa kutokea mlango wa uani, na kule hakuna mlango.

Dawa ilichukua dakika mbili: ya uani nikaipa 192.168.1.2, nikaizimia DHCP, yaani ile kazi ya kugawa anwani, waya nikauacha kwenye tundu la LAN, lile la vifaa vya ndani. Siku tatu zangu ziliishia kwenye kutoa tiki moja. Haya, nanyi semeni.

Mama wa stationari, Makorora

Mwanangu wewe una nafuu. Wangu wa darasa la sita aliona kile kitundu nyuma ya ruta akakichokonoa kwa pini ya ushungi, "nione kinafanya nini". Taa zote zikazima, zikawaka upya, ya intaneti ikabaki nyekundu. Ilikuwa msimu wa maombi ya mkopo wa chuo, watoto wa watu wamejaa barazani na vyeti mkononi.

Nikadhani waya wa faiba umekatika. Fundi kwenye simu akaniuliza, jina la PPPoE unalo? Jina gani tena? Akanieleza kwamba ruta yangu hujitambulisha kwa kampuni kwa jina na neno la siri kabla haijapewa intaneti, na ile pini ilifuta vyote, pamoja na jina la waifai. Ilikuwa Jumamosi jioni, nikakaa mpaka Jumatatu natumia bando la simu. Sasa yameandikwa daftari la madeni, ukurasa wa nyuma. Daftari hilo halipotei hata nyumba iungue.

Wa Raskazone

Shikamoo mama. Mimi ruta yangu ni ya laini ya simu, hizi zinazofunguka kwa 192.168.8.1. Niliiweka dirisha la baharini kwa sababu ndilo zuri. Spidi kama konokono. Siku moja nikaingia kwenye setingi nikaona RSRP, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi ya mnara, hasi 112. Nikaibeba huku naitazama namba ile, chumba kwa chumba kama mganga anayetafuta kilichofukiwa. Dirisha la jikoni ikasoma hasi 91. Inavyosogea karibu na sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Mnara uko upande wa mjini, yakhe, na mimi mwezi mzima nilikuwa nimeielekeza Pemba.

Mgeni kutoka Bagamoyo

Sisi wa Mji Mkongwe adui yetu ni ukuta. Nyumba ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta wa kati unene wake unapita urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Ruta ilikuwa inatoa mawimbi ya aina mbili, GHz 2.4 na GHz 5, kwa jina moja. Simu ikikaa sebuleni inashika 5, ukivuka mlango bado inaing'ang'ania 5 iliyokwisha kufa. Nikazitenganisha majina. Ya 5 ni ya sebuleni kwa ajili ya spidi, ya 2.4 inafika chumbani kwa kujikongoja. Printa nayo ndiyo ikakubali, maana haikuwa inaijua 5 kabisa.

Fundi wa Chumbageni

Nimesoma zote. Wa Ngamiani umemaliza vizuri, ila naongeza mawili kwa sababu kila wiki nayakuta kwa wateja.

Kwanza chaneli, yaani njia ambayo ruta hurushia mawimbi yake. Huko Ngamiani nyumba zimegusana, ruta kumi zinasikilizana. Mtu anaona watu wamejaa kwenye 1 na 6, anajibanza kwenye 3 akidhani kaona penye nafasi. Sasa anagombana na pande zote mbili! Kwenye 2.4 chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 tu. Bora ukae na wenzako kwenye 6, ruta zitapeana zamu, kuliko kukaa katikati na kuwa kelele kwa kila mtu. Upana wa chaneli nao acha MHz 20, usiweke 40.

Pili ni WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kubonyeza kitufe au kwa PIN bila kuandika neno la siri. Mnaweka neno la siri refu halafu mnaacha mlango huo wazi. Tangu 2011 inajulikana kwamba PIN yake ya tarakimu nane hukaguliwa nusu kwa nusu, na tarakimu ya mwisho inakokotolewa tu, kwa hiyo majaribio 11,000 yanatosha kuipata. Ruta nyingine hujifunga mtu akikosea mara kadhaa, nyingine zinamwacha ajaribu mpaka achoke. Izime tu hiyo WPS. Na wewe uliyeweka namba yako ya simu kuwa neno la siri, namba hiyo si ndiyo umeibandika mlangoni kwa ajili ya M-Pesa?

Mama wa stationari, Makorora

Fundi umenisema mimi. Naenda kuibadilisha.

Wa Barabara ya 12, Ngamiani

Fundi, nimeingia kwenye ruta sasa hivi. WPS ilikuwa imewashwa. Orodha inaonyesha vifaa 14, na humu ndani tuko watu watano. Kimoja kimeandikwa TV. Sisi TV yetu ni ya kichogo.

Nimezima WPS, nimebadilisha neno la siri. Upande wa pili wa ukuta walikuwa wanaangalia mpira. Wamenyamaza ghafla, sasa namsikia mtu anasema, "Hebu izime uiwashe tena."